Mwongozo kamili wa kulinda bata kando ya mto dhidi ya kanu, nguchiro wa maji na kenge

Anayefuga bata karibu na mto hahangaiki na maji wala majani mabichi, ila ukingo wa mto una wenyeji wake wa siku nyingi. Ukiongea na wafugaji wa Kilombero, Rufiji, Pangani au kule Tana, malalamiko ni yale yale: jioni bata walikuwa kumi na wawili, asubuhi wako wanane, na usiku hakuna aliyesikia kitu. Baada ya hapo hutoka mapanga, huitwa mbwa wa jirani, na mwingine hutafuta sumu. Ukipita muda kidogo, bata wanaanza kupotea tena.

Wanapotea tena kwa sababu wanyama hawa husafiri kwa kufuata mto. Ukimuua nguchiro mmoja, kipande chake cha ukingo kinabaki wazi na mwingine anakuja kukishika. Kwa hiyo mwongozo huu unaweka nguvu nyingi kwenye banda na ratiba ya kufungulia bata. Mitego nimeiweka mbali chini, tena kwa masharti.

Kwanza, mjue mwizi

Usinunue waya wala mbao kabla ya kujua unapambana na nani. Kinga ya kenge, anayekuja mchana, ni tofauti na kinga ya kanu, anayeshuka kwenye paa saa nane za usiku.

*Kanu* ni mnyama mwembamba wa usiku, mwenye madoa na mkia mrefu wa pete. Ni mpandaji hodari wa miti na kuta, na tundu likipitisha kichwa chake basi mwili mzima umepita. Mara nyingi huuma shingo au kichwa, akala kichwa na kifua, mzoga akauacha. Nyayo zake ni ndogo na za mviringo, zinafanana na za paka, hazionyeshi kucha.

*Nguchiro wa maji* ana rangi ya kahawia iliyokolea, huwinda peke yake usiku na alfajiri, na chakula chake hasa ni kaa, vyura na samaki. Hatembei mbali na maji. Vidole vyake vitano ni virefu, vimetanuka, havina ngozi katikati, na kucha huonekana kwenye tope. Ana choo chake ukingoni, mahali anaporudi kila mara, na kinyesi hicho hujaa vipande vya magamba ya kaa. Mayai huyavunja kwa kuyarusha nyuma kati ya miguu yake yagonge jiwe au mti, kwa hiyo ukikuta maganda yaliyopasuka chini ya jiwe kando ya maji, umeshampata. Wale nguchiro unaowaona mchana wakikimbia barabarani ni ndugu zake wa aina nyingine. Nao huiba mayai na vifaranga, lakini mchana.

*Kenge* wa majini hufika urefu wa mita 2. Asubuhi huota jua juu ya gogo au jiwe, akishapata joto anaanza kutafuta chakula. Anaogelea, anapanda, anachimba. Yai hulimeza zima, kifaranga pia, ndiyo maana kiota kinabaki kitupu bila ganda wala unyoya. Dalili yake kubwa ni mstari wa mkia uliojikunja katikati ya nyayo zenye kucha ndefu.

*Fisi maji* husingiziwa sana. Nyayo zake ni pana na vidole ni vinene, za mbele hazina kucha, karibu kama kiganja cha mtoto kilichobonyezwa kwenye tope. Anaweza kumchukua bata aliye majini, lakini riziki yake ni kaa na samaki. Ukiona nyayo zake ukingoni usihukumu mpaka uzikute mlangoni pa banda.

Wengine niwapitie haraka. Fungo ni mkubwa, ana nyayo zenye kucha kama za mbwa, na hubeba bata mzima. Mondo hunyonyoa manyoya kabla ya kula, hivyo utakuta rundo la manyoya mahali pamoja. Nyegere hung'oa mbao, huchimba chini ya ukuta, na akishaingia anaweza kuua wengi kwa usiku mmoja. Panya huburuta vifaranga na mayai hadi kwenye mashimo. Nyoka wakubwa, swila na chatu, humeza na kuondoka, na wakati mwingine chatu hukutwa bado yumo bandani kwa sababu tumbo limejaa na tundu aliloingilia sasa halimtoshi. Mchana usiwasahau mwewe na kunguru, na kwa watu wa pwani, kunguru weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ni adui mkubwa wa vifaranga.

Mbwa wa kijiji na binadamu nao wamo kwenye orodha. Komeo lililofunguliwa vizuri na bata waliotoweka bila unyoya hata mmoja si kazi ya kanu.

Tandaza mchanga usiku

Kumjua mwizi kwa hakika kunahitaji mchanga tu. Chukua mchanga laini wa mtoni, uchekeche, uutandaze unene wa vidole viwili mbele ya mlango, kuzunguka pembe za banda, na kwenye njia nyembamba unayoiona ikitoka majini. Kila kipande kiwe na upana wa hatua moja ili mnyama asiweze kukiruka. Unyunyizie maji kidogo uwe na unyevu, kisha lainisha kwa ubao. Ukikosa mchanga, jivu lililochekechwa linafaa, ila umande mwingi huliharibu.

Amka mapema kuliko watoto na kuku, kwa sababu nusu saa ya kuku kuparua inafuta kila kitu. Angalia nyayo ukiwa umechutama na jua likiwa bado liko chini, upande wa pili wa nyayo, kivuli kionyeshe kina chake. Hesabu vidole. Tazama kama ncha za kucha zimechoma mchanga mbele ya kila kidole. Kanu ataonyesha vidole vinne vya mviringo, safi. Nguchiro wa maji ataonyesha vitano vilivyotawanyika, kimoja kikiwa hafifu pembeni. Weka kiberiti kando ya nyayo upige picha kwa simu, ili ukimwonyesha bwana mifugo au afisa wanyamapori aweze kukadiria ukubwa.

Uingereza wanatumia mbinu inayokaribiana na hii. Minki wa Marekani, mnyama mdogo mwindaji wa kando ya maji, alipelekwa huko mwaka 1929 kufugwa kwa ajili ya manyoya, akatoroka, akaenea mitoni na kumaliza ndege na panya wa maji. Watu wa shirika la uhifadhi la huko, Game & Wildlife Conservation Trust, walibuni kielea cha mbao chenye kijihandaki na sinia la udongo mfinyanzi ndani yake. Minki akipita, nyayo zinabaki, na mtego hauwekwi mpaka nyayo zionekane. Utaratibu huo wa kusoma nyayo kwanza ndio wa kuiga.

Tahadhari moja hapa. Mto wenye mamba au kiboko usiukagulie alfajiri wala peke yako. Mchanga wa kuzunguka banda unatosha.

Banda

Anza na mahali. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wengi huichukulia kama usumbufu, lakini kwa mfugaji wa bata ni umbali wenye faida. Nguchiro wa maji na kenge hawapendi kuvuka uwanja mweupe usio na majani. Jenga nje ya hizo mita 60, karibu na nyumba kadiri uwezavyo, na ufyeke majani kuzunguka banda angalau hatua tano kila upande. Magogo, rundo la matofali na vichaka vya pembeni viondoe, maana huko ndiko nguchiro hujificha akisubiri giza. Majani ya ukingoni kwenyewe yaache, yanashika udongo.

Ukubwa: bata watatu kwa mita moja ya mraba wanalala bila kubanana.

Sakafu ikiwa ya zege au matofali yaliyopigwa lipu, hadithi ya kuchimba imeisha. Sakafu ikiwa ya udongo, fanya sketi ya waya: lalisha waya mgumu juu ya ardhi kuanzia kwenye ukuta kwenda nje futi moja na nusu, ufunge kwa nguvu chini ya ukuta, kisha ufunike kwa udongo na mawe. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapogusana na ardhi, anakutana na waya, na hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili akachimbe kutoka huko. Sketi ya kulaza hushinda waya wa kuzika wima, na haihitaji mtaro mrefu.

Ukuta wa chini, futi mbili za kwanza, uwe mzima: tofali, mbao zilizobanana au bati. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuweka waya hadi chini. Bata hulala wakiwa wameegemea ukuta, na kanu au nguchiro hupitisha mkono kwenye tundu, akavuta shingo na kula kilichofika nje. Ukikuta bata amekufa ndani ya banda lililofungwa, hana kichwa, na hakuna tundu lolote, basi mambo yalienda hivyo.

Juu ya futi hizo mbili weka waya kwa ajili ya hewa. Waya wa kuku ule mwembamba wa pembe sita humzuia bata asitoke, lakini haumzuii mbwa wala nyegere asiingie. Nunua waya mgumu wa kuchomelewa, matundu yasizidi inchi moja. Kwa chumba cha vifaranga shuka hadi nusu inchi, ili panya na nyoka wadogo nao wabaki nje. Kaza kwa misumari ya U kila baada ya inchi nne, kisha pigilia ubao mwembamba juu ya ukingo wa waya. Waya uliopigiliwa bila ubao huanza kulegea kwenye pembe, na pembe ndipo kanu huanza kujaribu.

Paa la makuti au nyasi ni zuri kwa joto, lakini kwa kanu ni mlango. Kama huna fedha za bati, tandaza waya chini ya makuti kwa ndani, ushonwe na ukuta pande zote. Kama paa ni la bati, ziba yale mapengo ya migongo ya bati juu ya ukuta, maana kanu hupita hapo bila shida. Kata matawi yote yanayoinama juu ya banda.

Mlango ufunguke kwenda nje, na pengo la chini lisipitishe vidole viwili. Weka komeo juu na komeo chini. Mlango wenye komeo moja la katikati husukumwa kwenye kona ya chini ukapinda, na hiyo nafasi inatosha.

Banda la kuinuliwa kwa nguzo linafaa penye mafuriko. Inua mita moja, na kila nguzo uivishe bati laini lenye urefu wa futi mbili, ili kenge na kanu wateleze. Ngazi ya bata iwe ya kuondolewa jioni. Nimeona mabanda mazuri ya mirunda, yamevishwa bati kila nguzo, halafu ngazi imeachwa usiku kucha.

Ratiba ya kufunga na kufungulia

Bata wa kienyeji, wale wenye nyama nyekundu usoni, hupenda kulala nje wakiachwa. Wazoeshe kwa chakula. Saa kumi na moja jioni wape pumba au mahindi yaliyoparazwa ndani ya banda, mahali pamoja, kwa wito ule ule kila siku, na karai la maji pembeni, kwa sababu bata akila chakula kikavu bila maji hukabwa. Kabla ya saa kumi na mbili jioni mlango uwe umefungwa na bata wamehesabiwa. Usifunge bila kuhesabu. Mmoja akikosekana, nenda kamtafute vichakani, pengine ameanza kutaga huko.

Asubuhi usiwafungulie alfajiri. Wafungulie saa tatu. Bata hutaga asubuhi na mapema, hivyo mayai yatabaki ndani ya banda badala ya kutawanyika majanini, na nguchiro wa maji atakuwa amesharudi kulala. Waachie maji ya kunywa ya kutosha muda huo.

Na mtoni je? Bata hahitaji mto ili aishi. Anahitaji maji ya kina cha kuzamisha kichwa chote, asafishe macho na pua. Beseni pana, au kidimbwi kilichochimbwa uani na kusakafiwa, kinatosha kabisa. Najua wengi wanapenda kuona bata wao wakielea mtoni, na chakula cha bure kipo huko. Basi waende wakubwa peke yao, katikati ya mchana, mtu akiwapo, na warudishwe kabla jua halijapoa.

Mahali penye kenge wengi, uani weka uzio wa bati laini wa futi mbili na nusu, usio na mihimili kwa nje ya kushikia. Kiota chochote kilicho wazi mchana ni chakula chake, kwa hiyo okota mayai mara tu bata wanapotoka. Kichuguu kilicho jirani na banda kiangalie: kenge jike hutaga ndani ya vichuguu.

Anayeatamia na vifaranga

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Bata wa kienyeji huatamia siku 35, wiki moja zaidi ya bata weupe wa kisasa wanaoangua siku ya 28. Hizo siku 35 akiwa amekaa kichakani, chini, harufu ile ile mahali pale pale, ni siku nyingi mno kwenye ukingo wa mto. Yeye mwenyewe hukamatwa akiwa kwenye kiota, kwa sababu hataki kuacha mayai.

Mpe sanduku la kutagia ndani ya banda mapema, pembe ya giza, lenye majani makavu, na uache yai moja au mawili asihame. Akiwa ameshajificha nje, mhamishe usiku: mbebe pamoja na majani ya kiota na mayai yote, umweke kwenye chumba kidogo kilichofungwa, na usimfungulie siku nzima inayofuata mpaka atulie. Wapo wanaokataa. Akikataa, mayai yaingize chini ya bata mwingine anayeatamia. Ukitumia kuku, kumbuka yeye amezoea siku 21, na wengi huchoka kabla ya siku 35, hivyo pokezana kuku wawili.

Vifaranga wasiguse mto kabla ya wiki 8 hadi 10, manyoya yanapokuwa yamekamilika. Walioanguliwa na kuku au kwa mashine huloa na kuzama haraka kuliko waliolelewa na mama bata. Wajengee kizimba chenye waya wa nusu inchi pande zote na juu pia, kwa ajili ya kunguru na mwewe. Maji yao yawe kwenye chombo cha kina kifupi chenye mawe ndani, ili aliyeingia aweze kutoka.

Mbwa, bata bukini na taa

Mbwa mmoja anayelala karibu na banda, aliyelelewa na bata tangu mdogo na kuchanjwa kichaa cha mbwa, ana faida kuliko taa na vinyago vyote. Bata bukini wanapiga kelele vizuri, watakuamsha, lakini hawawezi kupigana na kanu, na wao pia walale ndani. Taa za sola zinazowakawaka husaidia mwanzoni. Wanyama wakizoea wanapita chini yake. Kama unazo, zihamishe mahali kila baada ya siku chache.

Mitego, sumu na sheria

Kule Uingereza minki ni mgeni aliyeletwa, ndiyo maana wanamkamata na kumuua. Kanu, nguchiro wa maji, kenge na fisi maji ni wanyama wa hapa hapa na wanalindwa. Tanzania ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, Kenya ipo ya mwaka 2013. Kukamata au kuua bila kibali ni kosa, na ngozi ya kanu ukutani inaweza kukufikisha mahakamani kwa kukutwa na nyara za serikali. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA (mamlaka ya wanyamapori Tanzania), na kwa Kenya, KWS (shirika la wanyamapori la huko). Peleka zile picha za nyayo, tarehe za kila tukio na idadi ya bata waliopotea. Aliye na kumbukumbu husikilizwa mapema.

Ukipewa kibali cha mtego, uwe wa kizimba unaomkamata mnyama akiwa mzima. Uuweke kwenye njia ambayo mchanga umekuonyesha, ukiufunika kwa gunia ili mnyama atulie, na chambo kiwe samaki au yai. Ukaguliwe kila alfajiri bila kukosa. Ukiwa na safari, ufunge. Aliyenaswa usimguse. Mwite afisa, yeye ndiye ataamua. Kitanzi cha waya na mtego wa meno viache kabisa: vinakata miguu ya fisi maji, mbwa wako, na mtoto wa jirani aliyekwenda kuteka maji.

Sumu usiweke, hata kama duka la pembejeo liko jirani na mwenye duka anakuelekeza. Dawa za wadudu zinazopakwa kwenye nyama huua mnyama aliyekula, na tai, mbwa na kunguru wanaokula mzoga. Kenya, simba na tai waliuawa kwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan mpaka mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ikaanza kuinunua tena kutoka madukani. Kando ya mto ni mbaya zaidi: mvua moja inatosha kuifikisha kwenye maji wanayoteka watu wa chini.

Ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama wa mwituni, au na mbwa aliyepigana naye, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona dalili.

Siku bata wameliwa

Mwizi aliyefanikiwa hurudi, mara nyingi usiku unaofuata. Bata waliobaki walaze jikoni au stoo usiku huo hata kama pananuka. Mizoga izike chini sana, mbali na banda. Zunguka banda na tochi jioni, mtu mmoja akiwa ndani na taa, mwingine nje gizani: kila mahali mwanga unapopenya, weka alama ya chaki. Ziba zote kesho yake, anza na zilizo juu ya kichwa chako, maana hizo ndizo ambazo kwa kawaida hakuna aliyeziangalia.

Masika yana kazi yake. Mto ukijaa, mashimo ya ukingoni hufurika na wanyama hupanda juu kuelekea mabandani, wakati huo huo mvua inachimba chini ya sketi ya waya. Baada ya kila mvua kubwa tembea kuzunguka banda, kanyaga ukingo wa waya kwa mguu, na palipobonyea jaza mawe na udongo siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni.